Msilionee wivu trekta langu

Kila nikiweka picha kwenye grupu la ukoo, nimekaa juu ya trekta nasukuma theluji, majibu ni yale yale: "Tajiri wetu!" "Umetoboa!" Shemeji yangu aliyeko Mbarali aliandika kwamba huku Marekani hata uwanja tunaulima kwa trekta. Namwelewa. Kule kwao Usangu trekta ni la mtu mmoja, mashamba ni ya kijiji kizima, na ukikosa zamu mvua inakupita. Ukiambiwa mtu ana trekta zima la kusafishia njia ya gari tu, utashangaa.

Lakini wanachokitamani sicho.

Naishi kusini mwa Buffalo, jimbo la New York. Upepo wa baridi ukivuka Ziwa Erie hubeba mvuke wa maji ambayo bado hayajapoa, kisha unakuja kuumwaga kwetu kama theluji. Novemba 2022, Orchard Park, mji jirani na Buffalo, ulipata karibu mita 2 kwa siku chache. Hapo koleo ni utani, na kila msimu wa baridi wapo wanaoanguka kwa shtuko la moyo wakichota theluji. Kwa njia ndefu ya kokoto, trekta dogo la nguvu farasi 25 ni sawa na gambuti kwa mkulima wa mpunga.

Na lina masharti yake. Baridi ikizidi, dizeli ya kawaida hutoa nta ikaziba filta, kwa hiyo unatia dawa au unanunua ile ya msimu. Usiku injini inachomekwa kwenye umeme ili ikae na joto. Asubuhi unaliacha lingurume kwanza mafuta ya haidroliki yapate moto. Matairi ya nyuma yanavalishwa minyororo, na nyuma unafunga uzito, la sivyo yatazunguka bure. Theluji ya kwanza inakuta ardhi haijaganda: usipoinyanyua kidogo bledi, lile bamba la kusukumia theluji, kokoto zote zitahamia kwenye majani, uje kuzifuata na reki mwezi wa nne. Tena isukume mbali, maana rundo la Desemba likishaganda halisogei, na theluji ya Februari itakosa pa kwenda. Barabarani huruhusiwi kuitupa, ni kosa kisheria.

Umemaliza, umeshuka, chai iko jikoni, mara lori la mji la kusukuma theluji barabarani linapita na kukuachia tuta la theluji nzito mdomoni mwa njia yako. Wazee wa hapa ndio walionifundisha dawa yake: safisha kwanza kipande cha pembeni ya barabara, upande linakotokea lori, limwage mzigo wake pale kabla halijakufikia.

Tunalilaani sana lori hilo. Mimi, hata hivyo, ndilo ninalowatamania watu wa kwetu. Saa kumi alfajiri limeshapita, hakuna aliyepiga simu wala aliyemsubiri diwani. Kodi ya majengo huku inauma kwelikweli, ila kazi yake naiona dirishani. Barabara ya kijijini kwetu hukatika kila masika mahali pale pale, na greda huonekana mkubwa fulani akitarajiwa kupita.

Kutoka barabarani hadi mlangoni, sasa, ni shauri lako. Kwetu ukifiwa, watu hujaa uani hujamaliza kulia, nao wamekuja kwa miguu kwenye tope hilo hilo. Majirani wa huku ni wema, nisiwasingizie. Mzee wa ng'ambo ya barabara humsafishia mjane njia yake bila kuombwa. Akimaliza anageuza trekta anaondoka, hata hodi hapigi. Nilimuuliza kwa nini haingii kumjulia hali, akaniangalia kama niliyeuliza kitu cha ajabu. Desemba 2022 dhoruba ilipoifunga Buffalo, magari ya dharura yalikwama, na watu zaidi ya 40 walikufa katika kaunti ya Erie, wengine ndani ya magari yao, wengine kwenye nyumba zisizo na joto. Siku zile mashine za mji hazikufua dafu, na hodi zikapigwa.

Shemeji naye anataka nikirudi nije nalo kwenye kontena. Shemeji, matairi yake ni madogo, na spea utazitafuta mpaka uzeeke. Nunua pawatila, mafundi wake wapo hapo hapo Ubaruku. Na mkutano wa kijiji ukiitwa, simama uulize fedha za ile barabara zimeishia wapi.