Mtambo uliomkataa Bonge

Aisee ngoja niwasimulie hii maana imeshapita muda na bosi sidhani kama anapita huku. Mimi ni fundi umeme wa mitambo, ekskaveta ndio zinanilisha, hasa hizi used ambazo zimeshapita mikono mingi mpaka wayaringi yake haifanani tena na mchoro wowote duniani.

Siku hiyo napigiwa simu, ekskaveta ya tani 20 inakata mawasiliano. Unachimba vizuri tu, ghafla skrini inaandika hakuna mawasiliano, injini inashuka mzunguko yenyewe, mkono unaganda hewani. Mtambo wenyewe naujua, mwezi mmoja nyuma niliubadilishia swichi pale pembeni ya kiti. Nikabeba laptopu, mita, na fungu langu la tai za plastiki za njano. Mimi waya sifungi kwa tai nyeusi kama watu wengine, nataka mtu akifungua miaka mitano baadaye ajue hapa kapita fundi.

Opereta wake tunamwita Bonge, na jina analipenda mwenyewe. Ana kilo 120, hiyo namba iwekeni akilini. Mimi nina 54 nikiwa na buti.

Bonge akanieleza, nikamsikiliza kwa lile sikio la mafundi, unatikisa kichwa huku umeshaamua jamaa hajui anachosema. Nikapanda, nikawasha, nikachimba. Dakika kumi, ishirini, nusu saa. Mtambo unatembea kama mpya. Nimechimba shimo kubwa ambalo hakuna aliyelihitaji. Nikashuka, nikachomoa plagi moja nikaipulizia spirei nikairudisha, bosi akauliza vipi, nikamwambia ilikuwa plagi ina uchafu. Nikalipwa. Hata geti sijafika simu inaita, Bonge kakaa, umezima.

Nikarudi. Nakaa mimi, unafanya kazi. Anakaa Bonge, akigonga jiwe mara mbili tu, skrini chali. Nakaa mimi, safi. Anakaa dogo msaidizi wangu, safi. Anakaa Bonge, chali. Sasa hapo nikaanza kumchunguza Bonge badala ya mtambo. Nikamwambia toa simu. Akatoa, ziko mbili. Toa mkanda, toa pete, toa saa. Jamaa akapanda kuchimba na soksi, kashikilia suruali kwa mkono mmoja, na bado ukazima. Dogo akaninong'oneza, kaka huyu labda ana nyota mbaya na vyuma. Nikamkemea lakini kusema ukweli hata mimi nilishaanza kufikiria hivyo.

Kwa wasiojua, kwenye mitambo ya siku hizi kompyuta ya injini, ya pampu na skrini zote zinaongea kupitia nyaya mbili tu zilizosokotana, mfumo unaitwa CAN. Chukulia kundi moja la WhatsApp, wote wamo mle mle. Nyaya hizo mbili zikigusana tu kundi zima linakuwa bubu, halafu kila kompyuta inaandika kosa la kumshtaki mwenzake. Nilivyochomeka laptopu nikakuta orodha kama kesi ya urithi, injini inasema pampu hajibu, pampu inasema injini hajibu, skrini inasema wote hawajibu, na katikati ipo kosa namba 639, ambayo kwenye J1939, ile lugha inayotumiwa na kompyuta hizi kuongea, maana yake mtandao wenyewe ndio mgonjwa. Yaani jibu limeandikwa pale kwa namba kabisa. Mimi nikaona jibu hilo ni rahisi mno kwa mtu wa hadhi yangu, nikaendelea kutafuta kitu cha gharama.

Nikachukua mita. Nyuma ya kiti kuna soketi ya pini tisa, unapima kati ya pini C na D. Kila mwisho wa zile nyaya kuna resista, kidude cha kukinza umeme, na ukinzani wake unapimwa kwa omu, hii ni ya omu 120 (mmeiona ile namba?), ziko mbili, kwa hiyo ukipima lazima usome kama 60. Ukisoma 120 ujue kuna mahali waya umekatika au resista moja haimo, ukisoma karibu na 0 nyaya zimegusana. Mimi nikasoma namba zinachezacheza hazitulii. Nikageuka kwa bosi na sura ya daktari aliyeleta majibu mabaya nikamwambia mzee, hii kompyuta ya pampu imekufa, agiza. Bosi akaanza kutafuta namba kwenye simu, jasho linamtoka maana hivyo vidude bei yake si ya kutaja mbele ya watoto.

Dogo akasema taratibu, kaka, swichi kuu si bado iko on?

Jamani. Omu hazipimwi umeme ukiwa unapita, hilo somo la wiki ya kwanza, na dogo nilimfundisha mimi mwenyewe. Nikajifanya nilikuwa namjaribu. Tukazima swichi kuu, nikapima upya, 60 safi kabisa. Na hapo nikaharibu tena, nikasema mnaona, nyaya nzima, kwa hiyo ni kompyuta tu. Kumbe waya unaogusana kwa kuvizia ukiupima umetulia unakuonyesha uzima tu, una adabu kama mtoto mbele ya wageni.

Mita nimeiacha imening'inia pale kwenye soketi. Bonge kachoka kusimama, ana soksi na mawe yanachoma, akapanda akajitupa kwenye kiti. Mita ikasoma 0.4.

Nikakodoa. Nikamwambia Bonge inuka. 60. Kaa. 0.4. Inuka. 60. Kaa. Nadhani nilimkalisha mara kumi na tano, jamaa anahema kama yuko mazoezini, bosi kasimama na simu sikioni hajui acheke au alie. Dogo akaomba ajaribu yeye, akaruka kwenye kiti kwa nguvu zake zote, 60 haikutikisika. Kilo zake haziwezi kukifikisha kiti chini kabisa.

Nikaingiza tochi chini ya kiti. Pale kwenye ile mikono ya chuma inayokunjana kiti kikishuka, zile nyaya mbili zimepitishwa katikati badala ya kupita pembeni kwenye kishikio chake, zimebanwa na kubanwa mpaka ganda limetoka, shaba inang'aa. Akikaa mtu wa kawaida kiti hakifiki. Akikaa Bonge, kinazibusisha.

Nikapandwa na hasira za kifundi, nikapaza sauti mpaka bosi asikie, nikasema huyu mjinga aliyefunga wayaringi hivi anatakiwa anyang'anywe bisibisi, waya wa mawasiliano unaupitisha vipi kwenye mkasi wa kiti, kasomea wapi huyu! Nikavuta ule mshipi wa nyaya ili nimwonyeshe vizuri.

Umefungwa kwa tai ya njano.

Nilikohoa. Nikakata ile tai haraka nikaitia mfukoni, nikaunga nyaya, nikazisokota upya, nikavalisha ganda, nikazipitisha kwenye kishikio na kuzifunga kwa kipande cha tepu nyeusi. Bonge akakaa, akavaa viatu, akachimba mpaka jioni bila kukatika. Bosi akanishukuru sana, akasema mafundi waliopita hapa walikuwa wahuni tu. Nikasema kweli mzee.

Dogo alikuwa ameshika tochi muda wote huo, hakusema neno. Ila tangu siku hiyo kila Jumamosi anakuja kuomba ruhusa ya kuondoka mapema, ananiangalia mfukoni kwanza halafu ndio anaomba, na mimi namwambia nenda tu mdogo wangu, pumzika.