Profesa Lewis alianza na mkulima

Ukishuka basi kwenye stendi kubwa yoyote ya nchi yetu, mguu haujakanyaga chini vijana wameshakuzingira. “Mzigo, mama? Boda? Unaelekea wapi?” Wiki mbili zilizopita niliwahesabu: saba, wote kwa begi moja ambalo ningeweza kulibeba mwenyewe. Aliyewahi mkono wa begi alipata shilingi elfu moja. Sita waliobaki wakakimbilia basi lililokuwa linaingia nyuma yetu.

Vijana hao wameandikwa kwenye makala maarufu kuliko zote za uchumi wa maendeleo. Mwaka 1954 Arthur Lewis, profesa wa Chuo Kikuu cha Manchester, alieleza nchi zenye watu wengi kuliko kazi, na alitoa mifano ambayo macho yake yaliiona: makuli wa bandarini, vijana wanaokukimbilia wakubebee begi mara tu unapotokeza, mtunza bustani wa kibarua, wachuuzi waliojazana sokoni huku kila mmoja akiuza kidogo tu. Alisema mara nyingi unaweza kuwapunguza watu hao hadi nusu na kazi inayofanyika isipungue.

Mimi Lewis nilifundishwa kwa mchoro. Ubaoni upande huu sekta ya jadi, upande ule sekta ya kisasa, katikati mshale. Vibarua wanatoka shambani, wanaingia kiwandani, faida inawekezwa tena, nchi inasonga mbele. Tukanakili, tukafanya mtihani, tukafaulu. Hatukuambiwa kwamba Lewis alikuwa mtu mweusi aliyezaliwa kwenye kisiwa kidogo cha koloni. Hatukuambiwa pia kwamba sehemu kubwa ya hoja yake inamhusu mkulima mwenyewe, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Alizaliwa Saint Lucia, visiwa vya Karibi, tarehe 23 Januari 1915. Wazazi wake walikuwa walimu waliohamia kutoka Antigua. Alipokuwa na miaka saba aliugua, akakaa nyumbani wiki kadhaa, na baba yake akamfundisha kila siku. Aliporudi shuleni akarushwa madarasa. Muda si mrefu baba akafariki, mama akabaki na wana watano wa kuwalea. Kijana alimaliza shule akiwa na miaka 14, mdogo mno kufanya mtihani wa ufadhili, basi akaajiriwa ukarani serikalini: kupiga chapa, kupanga mafaili, kuandika barua. Mwaka 1932 akaupata ufadhili.

Alitaka uhandisi. Lakini serikali ya kikoloni haikuajiri mhandisi mweusi, wala makampuni ya wazungu hayakuajiri. Akachagua shahada ya biashara pale London School of Economics, akiwa hajui uchumi ni kitu gani. Mwaka 1937 akamaliza kwa daraja la kwanza, mwaka uliofuata akaanza kufundisha palepale, mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo, na mwaka 1948, akiwa na miaka 33, Manchester wakampa uprofesa kamili. Kila nikifika hapa huwafikiria mafundi wetu wenye vipaji waliofungiwa mlango wa kwanza na hawakupata wa pili.

Wazo la makala ile lilimjia Agosti 1952, akitembea barabarani Bangkok. Swali alilokuwa akihangaika nalo lilikuwa hili: nchi inayoweka akiba asilimia nne au tano ya pato lake inafanyaje ifikie asilimia 12 hadi 15? Jibu lake ni kwamba mshahara wa mjini hupimwa kwa kile ambacho mtu angekipata akibaki kwao shambani, ukiongezwa kidogo. Kwa hiyo maisha ya shambani yakiwa duni, mshahara wa kiwandani nao utakuwa duni, na faida yote itabaki kwa mwenye kiwanda.

Na hapo Lewis anasema jambo ambalo lilistahili kuandikwa ubaoni kabla ya mshale. Anasema mwenye shamba kubwa la kikoloni hana haja ya kuona mkulima mdogo akipata mbegu bora au maarifa mapya, kwa sababu mkulima akishiba, kibarua atapanda bei. Anaeleza jinsi watawala wa kikoloni Afrika walivyoufukarisha uchumi wa wakulima: kwa kuwanyang’anya ardhi, kwa kazi za shuruti, kwa kodi za kuwasukuma wakaajiriwe. Mwenye babu aliyewahi kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge Tanga hahitaji maelezo zaidi. Kodi ya kichwa ilikuwa mshale ule wa ubaoni, ukisukumwa kwa fimbo.

Baadaye alitumia hoja hiyohiyo kueleza kwa nini mazao yetu huuzwa bei ya kutupa. Mwaka 1900, alionyesha, ekari ya Uingereza ilitoa ratili 1,600 za ngano, na ekari ya nchi za joto ratili 700 za nafaka. Mkulima anayevuna kidogo chakula chake mwenyewe atakubali malipo madogo kwa kahawa au pamba, kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Hata mbinu za kulima kahawa zikiboreshwa, faida itaishia kwa mnywaji kwa njia ya bei kushuka. Dawa ni kuinua kwanza mavuno ya chakula.

Hilo ndilo alilowaambia Gold Coast mwaka 1953 walipomwomba ripoti kuhusu viwanda. Walitaka viwanda, akawaambia waanze na chakula. Nchi ilipopata uhuru kama Ghana, alikwenda Accra kuwa mshauri wa uchumi wa Nkrumah, 1957 hadi 1958, wakabishana juu ya miradi ya fahari. Nkrumah alimjibu kwamba yeye ni mwanasiasa na hana budi kubahatisha kwa ajili ya kesho. Lewis akaondoka. Mwaka 1965 alichapisha kitabu kuupinga mfumo wa chama kimoja Afrika Magharibi, mwaka uleule ambao sisi Watanzania tuliuandika kwenye katiba yetu. Nampenda Nkrumah, lakini kwenye hili namwona Lewis alikuwa sahihi.

Yaliyofuata ni heshima juu ya heshima: kuongoza Chuo Kikuu cha West Indies, kufundisha Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, kuanzia 1963, urais wa kwanza wa Benki ya Maendeleo ya Karibi, kisha Nobel ya uchumi ya 1979, mtu mweusi wa kwanza kutunukiwa Nobel nje ya ile ya amani. Aligawana na Theodore Schultz, mwanauchumi wa Marekani, ambaye hakukubaliana naye kwamba shambani kuna watu wa ziada: Schultz alitumia homa kuu ya 1918 India kuonyesha kwamba watu walipopungua shambani, eneo lililolimwa nalo lilipungua. Naona Schultz alikuwa na hoja. Shambani hakuna mtu wa ziada wakati wa palizi, muulize yeyote aliyepalilia mahindi. Lakini hata huyo mpinzani alianza na mkulima.

Hata mshale wenyewe ulirekebishwa huku kwetu Afrika Mashariki. Wanauchumi John Harris na Michael Todaro, waliofanya kazi Nairobi, waliandika mwaka 1970 kwamba watu huendelea kumiminika mjini hata ajira zikiwa hazipo, kwa kufuata tumaini la kuipata siku moja. Wakaonya kwamba kuongeza ajira mjini peke yake kunaweza kuwaita wengi zaidi.

Yule aliyenibebea begi nilimuuliza kwao ni wapi. Kongwa, akasema. Wana ekari tatu, mwaka huu wamepata magunia saba ya mahindi, mawili yakauzwa palepale mlangoni kwa mchuuzi aliyepanga bei yeye. Nikataka kumuuliza zaidi, lakini basi la Singida lilikuwa limeshapiga honi getini, naye akawa ameshaondoka mbio.