Hodi ya Saa Saba Usiku

Bodi ya ziada ya kielektroniki ilikuja bila karatasi hata moja ya maelezo. Ilikuwa imejificha ndani ya draivu ya flopi ya Commodore 1541, kifaa cha kusomea diski za kompyuta za zamani za Commodore, lile kasha refu na zito lililotoka mwaka 1982, lenye transfoma yake tumboni. Muuzaji wa mitumba hapa Ujerumani aliiuza kama draivu ya kawaida. Kumbe mtu aliing'oa 6502, chipu inayoiendesha draivu, kwenye soketi yake, akachomeka bodi pale, kisha akaipandisha 6502 juu ya bodi. Kando yake kulikuwa na EPROM 27256 (kumbukumbu ya kudumu inayobeba programu), RAM 6264 ya KB 8 (kumbukumbu ya muda), na chipu mbili ndogo zilizopigwa msasa mgongoni ili jina lisisomeke.

Ukiona chipu imepigwa msasa kwa bidii namna hiyo, jua mara nyingi ndiyo ya bei rahisi kuliko zote kwenye bodi.

Nilichomoa umeme ukutani, nikaiweka mita kwenye mlio, nikaanza kufuatilia pini moja moja. Chipu ya kwanza ilikuwa na pini 16: ya 8 ardhini, ya 16 kwenye volti 5. Pini 1, 2 na 3 zililia na pini 23, 24 na 25 za 6502, yaani A13, A14 na A15, nyaya za anwani za juu kabisa. Ya 4 na ya 5 ardhini, ya 6 volti 5. Hapo huhitaji jina tena, hiyo ni 74LS138, chipu inayosoma anwani na kuchagua kumbukumbu ipi ijibu. Pini yake ya 11 inakwenda pini 20 ya 6264, maana yake RAM inakaa kuanzia anwani $8000 hadi $9FFF.

Chipu ya pili, ya pini 14, ilikuwa 74LS00, yenye milango minne ya mantiki. Mlango wa kwanza unageuza ishara ya R/W (soma au andika). Wa pili unaichanganya na saa ya 6502 kutoka pini 39, na jibu linakwenda pini 27 ya RAM ili iandikwe kwa wakati wake. Wa tatu unachukua A15 na ile pini 11 ya 74LS138, kisha unaiwasha EPROM kila mahali juu ya $8000 isipokuwa pale penye RAM. Wa nne hauna kazi. Siri nzima ya mtengenezaji ilikuwa chipu mbili zilizouzwa kila duka la vifaa vya redio.

Anayetaka kunakili bodi ya namna hii aangalie mambo matatu. Kwanza, ROM mbili za asili, 325302-01 na 901229-05, lazima zitoke. 1541 haiangalii A14 inapochagua ROM, kwa hiyo ROM ya $C000 hujitokeza tena $8000, ijibu pamoja na RAM, na data ikavurugika. Pili, pini 38 ya 6502 isisahaulike. Kwenye kompyuta nyingi haitumiki, lakini 1541 huitumia kujua kwamba baiti imekamilika kusomwa. Ukiikata, diski itazunguka tu na hakuna kitakachosomwa. Tatu, waya mpana unaotoka kwenye 6522 (chipu ya mawasiliano ya draivu), pini 2 hadi 9, kwenda mlango wa nyuma wa kompyuta. Mlango huo una volti 9 za AC kwenye pini 10 na 11. Plagi isiyo na vizuizi ikiingia kichwa chini, AC hiyo inaingia moja kwa moja kwenye njia za data.

Basi, kila kitu kikajibu vizuri. Nikaandika programu fupi ya BASIC ijaribu usiku kucha: iandike 85 kwenye RAM kwa PRINT#15,"M-W"CHR$(0)CHR$(128)CHR$(1)CHR$(85), isome kwa M-R, irudie kwa 170, halafu isome bloku moja ya traki 18, na ikipata kosa iandike kosa na saa kwenye skrini. Kifuniko nilikirudisha, maana ndani kuna volti 230 na nyumbani kulikuwa na mgeni: mama mkwe, aliyefika kutoka Tanga katikati ya Januari na kuikuta baridi asiyoidhania.

Usiku, ngo-ngo-ngo-ngo-ngo!

Wenye 1541 wanaujua mlio huo. Draivu hii haina kihisi cha kuiambia kichwa cha kusomea kiko wapi. Ikishindwa kusoma, hukirudisha kichwa nyuma hatua nyingi kuliko zinazohitajika, mpaka kigonge kizuizi cha chuma, kisha ihesabu upya kutoka hapo. Inagonga, inanyamaza, inajaribu, inagonga tena.

Kutoka chumba cha wageni ikasikika sauti: "Karibu!"

Ngo-ngo-ngo-ngo.

"Karibu, pita baba! Mlango uko wazi!"

Nilimkuta kwenye korido, mtandio kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu mgeni wenu mbona anabisha hodi, anakaribishwa, haingii?"

"Si mgeni, mama. Ni mashine."

"Mashine," akasema, kwa sauti ya mtu anayeanza kumfikiria upya mume wa binti yake. Kabla ya kulala alikwenda kuhakikisha kitasa.

Skrini ilionyesha makosa 20 na 23, yaani ya kushindwa kusoma diski, kuanzia saa saba usiku. RAM haikukosea hata baiti moja. Asubuhi nilipoamka, draivu inasoma bila tatizo. Usiku uliofuata, vilevile. Nilibadilisha 6264. Nikaongeza kapasita ya nanofaradi 100 kwa kila chipu. Nikapima umeme: bodi inavuta miliampea 150 zaidi, na regyuleta inayoushusha hadi volti 5 inapokea karibu volti 10, kwa hiyo ni wati 0.75 za joto la ziada. Si haba kwenye draivu inayosifika kwa kuchemka, lakini mchana kutwa joto hilohilo halikuleta kosa.

Nikafungua kifuniko. Juu ya bati la kupozea regyuleta kulikuwa na unga mweupe. Nikajisemea, haya ndiyo mambo: ile krimu nyeupe inayopakwa kati ya regyuleta na bati imekauka, inamomonyoka, joto halitoki. Nikanunua krimu mpya. Nilipokuwa nikiufuta ule wa zamani, ukanuka iliki.

Mama mkwe alikuwa amezunguka nyumba nzima akitafuta mahali pa joto. Jikoni unga wa maandazi hauumuki, hamira imelala. Akagundua kasha langu: lina joto la wastani, tena usiku kucha. Kila tukishalala, huweka bakuli juu ya matundu ya hewa, akalifunika kwa kanga mbili, na alfajiri akaliondoa akakaange. Matundu yakizibwa, fremu ya chuma inatanuka, kichwa kinatoka kwenye mstari wa traki, na hodi zinaanza. Maandazi yenyewe nilikuwa nikiyala kila asubuhi, nikisifu jinsi yalivyoumuka.

Usiku ambao matundu yaliachwa wazi, programu ilikwenda mpaka asubuhi bila kosa. Lakini jikoni kukawa na malalamiko, na mke wangu hakuwa upande wangu.

Nilikuwa na 1541 nyingine, kichwa kimekufa lakini umeme mzima. Hiyo nimempa. Haina diski na haijaunganishwa na kompyuta, kwa hiyo haina sababu ya kugonga, inachemka tu. Sasa anauliza kama hawakutengeneza kubwa zaidi. Walitengeneza: 8050, draivu mbili kwenye kasha moja. Sijamwambia.