Pesa za hisa huenda kwa nani?
Husemwa mara nyingi kwamba kampuni huingia soko la hisa kutafuta mtaji wa kukua. Si kila mara. Safaricom, 2008: hisa bilioni 10 ziliuzwa kwa shilingi 5 kila moja, lakini muuzaji alikuwa serikali ya Kenya, kwa hiyo zile bilioni 50 zilienda Hazina, si kwa kampuni ikajengee minara. Vodacom Tanzania nayo iliingia soko la hisa la Dar es Salaam (DSE) mwaka 2017 kwa sababu sheria ilizitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 kwa umma. Sasa ndugu zangu, mkiletewa waraka wa matarajio, yaani ule unaoeleza hisa zinazouzwa na kampuni yenyewe, msiishie kwenye picha za wakurugenzi (zinapendeza, najua). Tafuteni panapoeleza nani anauza: kampuni inatoa hisa mpya, au mwenye nazo anajitoa?