Bunduki moja ya visahani na ndege: hesabu ya Nairobi

Walenga shabaha wa Nairobi wakishamaliza raundi zao, mitutu ikapanguswa na bunduki zikarudi kwenye mifuko, mjadala hauchelewi kufika palepale: anayenunua bunduki ya marisau, yaani ile inayotoa chembe nyingi za risasi kwa pamoja, kwa mara ya kwanza achukue ipi? Kuna wanaosema achukue nyepesi ya kuwindia, nayo itamfaa hata kwenye visahani vya udongo, vile vinavyorushwa hewani viwe shabaha. Wengine wanasema achukue nzito ya visahani, na siku akipata nafasi ya kuwinda aibebe hiyohiyo na kuvumilia uzito. Wenye mifuko mirefu wanasema nunua zote mbili, halafu wanakutupia methali: mshika mbili moja humponyoka, yaani bunduki moja ikipewa kazi mbili, moja itaharibika.

Mimi nasema chukua ya visahani. Sababu yangu ya kwanza haitoki dukani, inatoka kwenye sheria na kalenda.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama kwa starehe mwaka 1977. Kwa miaka mingi baada ya hapo, ndege kama kanga, kwale na njiwa waliendelea kuwindwa kwa kibali. Kisha Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikaja na lugha kali zaidi, ikafanya uwindaji wa burudani kuwa kosa. Kwa hiyo mtu wa leo hatoki Lang'ata na bunduki kwenda Kajiado eti kwa kuwa rafiki yake ana shamba linalosumbuliwa na kanga. Hatoki mpaka awe na ruhusa ya maandishi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mkononi, inayosema ni ndege gani na wapi. Visahani navyo havina msimu wala havihitaji ruhusa ya KWS. Ukishakuwa mwanachama wa klabu na makaratasi yako yako sawa, unaweza kulenga kila wikendi, mvua isiponyesha.

Hapo ndipo ninapogombana na ushauri mwingi tunaousoma. Umeandikwa Uingereza, ambako msimu wa kuwinda fezanti unaanza tarehe 1 Oktoba na kuisha tarehe 1 Februari. Mtu wa huko anaweza kuwa na siku nyingi shambani kila baridi ikiingia, na visahani kwake ni mazoezi ya kungojea msimu. Akiambiwa anunue bunduki ya kuwindia kwanza, ushauri unamfaa. Ukiuhamisha mzimamzima hadi Nairobi, unamnunulia mtu bunduki ya kazi ambayo huenda asiifanye mwaka mzima.

Sasa tuje kwenye vyuma vyenyewe. Bunduki ya kuwindia ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikipanda mtutu huwa mwembamba) huwa na uzito wa kilo tatu hivi, pengine pungufu kidogo. Ya visahani hufika kilo tatu na nusu, wakati mwingine inakaribia nne, na mitutu yake ina urefu wa sentimita 76 au 81. Kisahani chenyewe kina kipenyo cha milimita 110, na katika mchezo wa Olimpiki wa trapu kinarushwa kumkimbia mlengaji kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa. Bunduki nzito ikishaanza kuzunguka kukifuata, haisimami kirahisi. Mikono ikisita, uzito wenyewe unaendelea kuivuta mbele ya shabaha. Nyepesi hukimbia haraka na husimama haraka, na kusimama huko ndiko kunakofanya marisau yapite nyuma ya kisahani.

Halafu kuna bega. Raundi moja ni visahani 25, na siku nzuri mtu hupiga raundi tatu au nne. Risasi ya gramu 28 ukiipiga kwa bunduki ya kilo 2.9 badala ya ya kilo 3.7, nguvu inayorudi begani inaongezeka kwa zaidi ya robo. Risasi tano huzitambui. Ya sabini unaitambua, na kabla hujaitambua jicho limeshaanza kufumba lenyewe kidole kinapogusa kifyatulio. Wengi wanaolalamika kwamba wanaanza vizuri na kuharibu raundi ya mwisho wanadhani ni uchovu wa akili. Mara nyingi ni bega.

Upande wa pili nao una hoja, na si ya kudharau. Kanga hapendi kuruka. Anakimbia, anakuvuta kwenye vichaka vya miiba, anasimama kukutazama, anakimbia tena. Ukimfuata saa tatu kwenye jua la nyanda kavu ukiwa na kilo karibu nne mikononi, utaelewa kwa nini wazee wa zamani walipenda bunduki nyembamba za mitutu miwili iliyolala sambamba. Kwale naye huibuka miguuni pako kwa kishindo, na kabla hujapumua amefika mita ishirini. Mtutu wa sentimita 81 unaamka polepole, na ukishafika begani kwale kashapita nyuma ya mti. Kwa mkulima wa Laikipia mwenye kibali, ambaye visahani kwake ni jambo la Krismasi na wageni, bunduki ya visahani ni mzigo mtupu. Huyo namwambia achukue nyepesi bila kunisikiliza zaidi.

Kwa nini basi mtu wa Nairobi asinunue zote mbili? Fedha ni sehemu ndogo ya jibu. Cheti cha silaha nchini hutolewa kwa sababu inayoeleweka, na hutaja bunduki yenyewe pamoja na kiasi cha risasi unachoruhusiwa kuwa nacho. Tangu wamiliki wote walipotakiwa kukaguliwa upya kuanzia Desemba 2018, hakuna anayechukulia mlango wa Bodi ya Leseni za Silaha kama mlango wa duka. Ya pili ni foleni nyingine, maelezo mengine, na nafasi nyingine kwenye sefu.

Kuna hatari pia, nayo huwa haitajwi dukani. Wanaonunua mbili mara nyingi huchukua geji 12 ya visahani na geji 20 ya ndege, kwa kuwa ya pili ni nyepesi. Risasi ya geji 20 ni nyembamba. Ikiingizwa kwa bahati mbaya kwenye bunduki ya geji 12, inateleza na kupita chumba cha risasi, kisha inakwama mbele ndani ya mtutu. Ukifyatua hakuna kinachotokea. Unafungua, unaona chumba kitupu, unadhani ulisahau kupakia, unaweka ya geji 12 nyuma yake. Ikilipuka hiyo, mtutu unapasuka mahali hasa mkono wako wa mbele ulipoushika. Ndiyo sababu watengenezaji huzipa risasi za geji 20 rangi ya manjano. Rangi husaidia, lakini mfukoni mwa koti jioni, vidole havioni rangi. Nyumba yenye geji moja tu haina tatizo hili.

Bunduki za kurithi nazo zitazamwe kwa jicho hilohilo. Bunduki nyingi za zamani za Kiingereza zina vyumba vya milimita 65, na risasi nyingi zinazouzwa leo ni za milimita 70. Kipimo hicho ni cha ganda likiwa limefunguka baada ya kulipuka, kwa hiyo risasi ndefu inaingia vizuri kabisa kwenye chumba kifupi, na shida inaanza unapofyatua, presha ikipanda kupita kiasi. Fundi apime kwanza, sifa za babu zifuate.

Kati ya mitutu miwili iliyopandana na bunduki ya nusu-otomatiki, ubishi ni mkali kuliko tofauti yenyewe. Nusu-otomatiki inayotumia gesi hupunguza msukumo wa begani, na kwa mtu mwenye umbo dogo hilo ni jambo kubwa. Lakini ina mtutu mmoja, hivyo kibano kimoja, yaani kule kubanwa kwa mdomo wa mtutu ili marisau yasitawanyike mapema. Gesi huacha masizi ndani yake, na vumbi letu jekundu likichanganyika na masizi hayo, inaanza kukwama. Inamrushia jirani maganda. Tena, ile ya mitutu iliyopandana hukunjwa katikati, na ikiwa imefunguliwa juu ya mkono, kila mtu uwanjani anaiona kuwa ni tupu bila kuuliza. Kwa mwanafunzi, hilo peke yake linatosha kunifanya nichague iliyopandana.

Kuhusu kibano hicho, wengi hapa wanabana kupita kiasi. Kibano kamili kinakusudiwa kupeleka karibu asilimia 70 ya marisau ndani ya duara la sentimita 76 ukiwa mbali kama mita 37, na nusu-kibano asilimia 60. Vipimo hivyo vimezoewa katika nchi zilizo karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko juu, mita 1,700 na zaidi. Hewa ni nyembamba, hivyo marisau hayapotezi kasi upesi na hukaa pamoja kidogo zaidi. Robo-kibano kwenye mtutu wa chini na nusu-kibano kwenye wa juu vinatosha kwa visahani vingi. Ukiwa na bunduki inayobadilishwa vibano, ukifungua zaidi siku ya kwale, sehemu kubwa ya lawama zinazotolewa dhidi ya bunduki nzito inapungua.

Lakini kabla ya geji, uzito na jina la kampuni, kuna jambo moja ambalo muuzaji akikataa ulifanye uondoke dukani mwake. Hakikisha bunduki ni tupu, na yeye ahakikishe pia. Tazama sehemu moja ukutani, fumba macho, ipandishe begani kama unavyopandisha siku zote, shavu liguse kitako, kisha fumbua. Jicho lako linapaswa kuwa limekaa nyuma ya mstari wa mtutu, ukiona ule ukingo wa chuma ulio juu ya mtutu kidogo tu na nukta ya mbele ikiwa katikati. Ukiona kisogo cha chuma, yaani sehemu ya nyuma ya bunduki inayoziba mtutu, kitako kiko chini mno. Ukiona barabara ndefu ya mtutu, kiko juu. Rudia mara kadhaa, maana mara ya kwanza mwili hujirekebisha ili kumfurahisha muuzaji. Kama unashikia bega la kulia na jicho lako lenye nguvu ni la kushoto, mwambie fundi mapema, kabla hajaagiza kitako, kwa kuwa huenda ukahitaji kujifunza upya kwa bega la kushoto na bunduki yenye kitako kilichopindishwa upande huo.