Wanafunzi wanaolea mbwa wa wasioona, tusiwacheke haraka

Kuna klipu inazunguka kwenye simu za watu hapa Arusha, wanafunzi wa chuo Marekani wako darasani na chini ya kiti kalala mtoto wa mbwa kavaa kikoti, wanamlea aje kumwongoza mtu asiyeona, na maneno yanayofuata unayajua, wazungu wana hela za kuchezea, mara oh mbona wanamlea mwaka mzima halafu wanamtoa, si ukatili huo. Mimi naona tumewaelewa vibaya kabisa.

Yule mbwa sio wa kwao toka mwanzo. Anakuja ana kama wiki 8, anakaa nao mpaka mwaka na kitu ndio anarudishwa kwa walimu wenyewe, maana kumwongoza mtu asiyeona hafundishwi na mwanafunzi. Mwanafunzi anafundisha vile vinavyoonekana vidogo: asubiri, akojoe akiambiwa, asiokote chipsi iliyodondoka kantini hata kama iko mbele ya pua yake. Na kubwa kuliko yote azoee watu. Mtoto wa mbwa akifikisha miezi mitatu minne hajawahi kukutana na ngazi, lifti wala umati, ule woga unamkaa na kuutoa baadaye ni shughuli pevu. Sasa banda gani la mbwa lina lifti na watu mia wanatoka darasani kwa pamoja?

Upande wa pili wana hoja. Mwanafunzi ana mitihani, likizo mbwa anahamia kwa mtu mwingine, na akizoeshwa kurukia watu kwa sababu ni mzuri, mwalimu ndio atahangaika. Halafu gharama, na huku kwetu kuna asiyeona ambaye hata fimbo nyeupe hana. Hilo silibishi.

Ila ile kwamba karibu nusu ya hawa mbwa hawafuzu, ambayo watu wanaishika kama ushahidi wa kazi bure, mimi ndio inanifanya niwaheshimu zaidi. Angalia kazi yenyewe: asiyeona ndiye anasikiliza magari na kuamua sasa tuvuke, anatoa amri, mbwa akiona gari linakuja anagoma, anakataa amri ya bosi wake. Weka hiyo pale soko la Kilombero hapa Arusha, boda inakuja upande usio wake, mkokoteni huku, mama ntilie anamwaga mifupa kule. Mbwa akishtuka mara moja tu mtu amekufa. Kwa hiyo kumtoa mwenye woga ndio mchujo wenyewe unafanya kazi, na waliochujwa wengine wanaenda kwenye kazi za kunusa, wengine wanakaa majumbani, mara nyingi kwa yuleyule aliyewalea. Mwanafunzi anajua yote hayo na bado anaamka alfajiri kumpeleka mbwa nje akojoe.

Kwetu nisingeanza na mbwa wa wasioona, barabara zetu nyingi hazina hata pa kupita kwa miguu na watu wanaogopa mbwa, tena wana haki, kichaa cha mbwa kwa binadamu asilimia 99 kinatoka kwa mbwa. Ila pale Usa River AWF, shirika la kuhifadhi wanyamapori Afrika, wanafundisha mbwa wa kunusa meno ya tembo, programu yao ilianza 2014, na mbwa wa mwanzo walitoka Ulaya. Tengeru kuna chuo cha mifugo, na Usa River ni pua na mdomo. Wale wanafunzi wakipewa watoto wa mbwa waliochanjwa, wakazunguka nao stendi, sokoni, kwenye mizigo pale uwanja wa ndege wa KIA, mimi ningeanzia hapo.