Riwaya za nyumbani nimekuja kuzisomea ughaibuni

Mimi si mhakiki wa fasihi. Nasoma riwaya kama wengine wanavyotazama mpira: nashabikia, nalaumu, nazozana na refa, kisha naenda kulala. Anayetafuta fani na maudhui aende kwa wenyewe.

Nina jambo moja tu la kusema, na nadhani halitawafurahisha wenzangu wa huku wala wa nyumbani. Uingereza imenipa vitabu, lakini imeninyima watu wa kubishana nao juu ya vitabu hivyo. Tanzania ilinipa wabishi tele, vitabu vikawa vya kuokoteza. Tangu nihamie huku nimesoma kuliko nilivyosoma maisha yangu yote nikiwa nyumbani, na bado nawaonea wivu wale tuliokuwa tukigombea nakala moja.

Nyumbani riwaya ilikuwa ya mtihani. Aliyepita sekondari anaijua ile "jadili kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma". Tulikariri dhamira, migogoro na tabia za wahusika, tena wengine kutoka kwenye daftari la mtu, kitabu chenyewe hawajakitia machoni. Mtihani ukiisha, na riwaya imeisha. Huo ndio ubaya, na sitaufunika kwa sababu ya kupakumbuka nyumbani.

Ila kulikuwa na upande mwingine. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971 na iliwahi kupigwa marufuku shuleni, na hakuna kinachokitangaza kitabu kama marufuku. Nakala tuliyoipata sisi haikuwa na jalada, na kurasa za mwanzo tulisimuliwa na waliotutangulia. Aliyeimaliza alikuwa lazima atoe hukumu: mwenye kosa ni Rosa, au ni baba yake Zakaria, mlevi aliyemchunga binti kwa kipigo mpaka uhuru ukaja kumlevya? Watu walinuniana kwa ajili ya Zakaria. Mtu hajawahi kufika Ukerewe, kisiwa hadithi inakotokea, lakini anamjadili Zakaria kana kwamba wanapakana shamba.

Huku nina kadi ya maktaba isiyonigharimu kitu. Kitabu kisipokuwepo naagiza, kinaletwa kutoka tawi jingine, napata ujumbe kwamba nikakichukue. Kwenye treni ya asubuhi watu wanasoma, wamejiinamia. Lakini jaribu kumuuliza jirani yako amefikia wapi! Atakujibu kwa adabu neno moja, halafu ataanza kutazama dirishani akisubiri ushuke. Kusoma huku ni jambo la faragha. Zipo klabu za wasomaji, najua, zinapanga tarehe na kitabu mwezi kabla. Niliyoingia mimi kila mtu alisema kitabu "kinavutia" na hakuna aliyepandisha sauti. Mimi nilikwenda kugombana, jamani.

Basi kwa upweke huo nikamgeukia Abdulrazak Gurnah. Kabla ya Tuzo yake ya Nobel ya Fasihi ya 2021 nilimjua kwa jina tu, na najua siko peke yangu. Mzanzibari huyu alifika Uingereza akiwa kijana miaka ya sitini, akafundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Kent, na riwaya zake nyingi zinamhusu mtu kama mimi.

Iliyoniumiza ni Admiring Silence ya mwaka 1996. Msimulizi, ambaye hatajwi jina, ametoka Zanzibar, anaishi na Mwingereza aitwaye Emma na wamezaa binti. Baba mkwe anapenda hadithi za enzi za ukoloni, naye anamtungia zile anazotaka kuzisikia. Hata Emma naye msimulizi amemtungia ukoo ambao haupo kwa sura ile. Nyumbani nako hajasema kwamba ana mke wala mtoto. Anawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa pande zote mbili. Anaporudi kutembea baada ya miaka ishirini, anakuta ndugu wameshamtafutia mchumba, na yeye amekaa sebuleni anakosa pa kuanzia.

Hapo niliweka kitabu chini. Nani kati yetu hajafanya hivyo kwa kiwango chake? Tukipiga simu nyumbani tunasema kazi ni nzuri, baridi tumeizoea. Hatusemi ni kazi gani. Tukiulizwa na wenyeji wa huku tunawapa nyumbani ya bahari na ukarimu, hatuwaambii habari za ndugu waliogombania nyumba ya urithi mpaka wakafikishana mahakamani. Gurnah hakumhurumia mtu wetu huyu, hakumwonea pia. Mwandishi wa pembeni angemfanya mhanga wa ubaguzi na kumaliza kazi. Yeye anamwonyesha akidanganya vizuri, kwa ustadi, mpaka nawe unacheka, ndipo unashtuka unachekea nini.

By the Sea (2001) inaanza vizuri zaidi kuliko inavyoendelea. Saleh Omar, mzee wa miaka sitini na tano, anafika uwanja wa Gatwick na pasi yenye jina la mtu mwingine, akijifanya hajui Kiingereza. Afisa wa uhamiaji anapekua mfuko wake na kukuta kijaluba cha udi. Anaufungua, anaunusa, anazungumza naye maneno mengi ambayo mzee anayaelewa yote na hajibu. Kisha afisa anauchukua udi ule. Ukurasa ule niliusoma polepole sana. Wewe uliyepita kwenye foleni ile ukiwa na kitu ulichofungiwa na mama yako unaijua ile hali: mtu anakishika kitu chako juu juu, huku wewe unafikiria sura utakayoionyesha. Baadaye riwaya inaingia kwenye kesi ya nyumba na madeni ya zamani, majina yanapandana, na nilichoka njiani. Nimeimaliza kwa heshima ya ule mwanzo.

Kwa waandishi wa Kiswahili, mtu aliyetoka na kurudi yupo tangu zamani. Kichwamaji ya Kezilahabi (1974) inaye Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kijijini. Nilipokuwa shule nilimwona shujaa, mtu anayefikiri. Huku nimeisoma tena, nimemwona anavyochosha. Kila anachokitazama kwao anakipima kwa jicho la mtu aliyeondoka. Nimewajua akina Kazimoto wengi kwenye vikao vya Watanzania wa huku, wanaoanza kila sentensi na "tatizo la kwetu". Nikiwa na njaa mimi mwenyewe huanza hivyo.

Vuta n'kuvute ya Adam Shafi (1999) ndiyo ningempa mtu asiyependa riwaya. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa akiwa mdogo kwa mume wa makamo, anamkimbia mume, ndugu zake wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, rafiki yake wa Ng'ambo, mtaa wa mjini Zanzibar, asiye na cha ziada. Kuna mapenzi na Denge, kuna siasa za kumwondoa Mwingereza, kuna makachero. Mimi nilishikwa na chumba cha Mwajuma. Ukiwa mgeni kwenye mji wa watu, ukaishi kwenye chumba cha kuazima sebuleni kwa mtu, unajua kwamba Mwajuma ndiye mhusika mkuu, wasomi waseme watakavyo.

Ninachokikosa katika riwaya zetu za Kiswahili, angalau nilizozifikia, ni mtu aliyeondoka akabaki huko. Adam Shafi ametupa Mbali na Nyumbani (2013), yenye safari zake mwenyewe za ujana, na inasisimua. Lakini huyo ni kijana aliye njiani. Namtaka yule mwenye miaka mingi kwenye zamu za usiku, anayelea watoto wanaomjibu kwa lugha nyingine. Habari zake nyingi nimezisoma kwa Kiingereza, na watu wa nyumbani ambao zinawahusu hawazisomi.

Ndiyo maana nilifurahi Paradise ya Gurnah, ya mwaka 1994, ilipopata Kiswahili chake. Ida Hadjivayanis aliitafsiri ikawa Peponi, na Mkuki na Nyota wakaichapa mwaka 2022. Dada yangu mkubwa, ambaye baada ya kazi hataki kuona Kiingereza, aliipata Dar es Salaam, na kwa mara ya kwanza tangu niondoke tukasoma kitabu kimoja wakati mmoja. Ni habari ya Yusuf, mtoto anayetolewa rehani kwa tajiri Aziz kwa ajili ya deni la baba yake. Mwishoni (ruka hapa kama hujaisoma) anakimbilia msafara wa askari wa Kijerumani waliokuja kukamata watu.

Tumegombana siku nyingi kwa ujumbe wa sauti. Dada anasema Yusuf ni mjinga, ametoka utumwa mmoja kakimbilia mwingine, tena mbaya zaidi. Nikamwambia pale alipokuwa hapakuwa na cha kumngoja. Akanijibu, "Wewe mdogo wangu lazima umtetee, kila aliyeondoka anamtetea anayeondoka." Sikuwa na jibu, nikamwambia mtandao unasumbua.

Siku ya pili nilimwambia ipo Afterlives ya Gurnah huyohuyo, ya 2020, ambamo kijana mwingine, Hamza, anajiunga na jeshi lilelile kwa hiari yake, na tunaona linamfanyia nini. Mle yumo pia Afiya, msichana anayepigwa mpaka mkono unavunjika kwa kosa la kujua kuandika, na ni kikaratasi alichokiandika ndicho kinachomletea Khalifa wa kumtoa. Kasoro ya riwaya ni mwisho, habari za Ilyas, kaka yake Afiya, zimebanwa kwenye kurasa chache za haraka. Dada hataki kuisoma kwa Kiingereza, ameniambia nimsimulie. Kwa hiyo nikitoka kazini namrekodia sura moja, yeye anasikiliza akiwa kwenye daladala. Bado hatujafika vitani. Ameshamchukia Bi Asha, mke wa Khalifa, na mimi naona anamwonea, na jana ameniambia nisubiri akifika nyumbani atanieleza vizuri.